Kwa mwalimu anayeripoti kitengo cha usonji Januari

Umepangiwa kitengo, lile darasa la watoto wenye usonji (autism) ndani ya shule ya kawaida. Najua ulivyoipokea hiyo habari, maana na mimi ilinifika hivyohivyo: nilimpigia dada yangu simu nikamwambia wamenitupa. Nilikuwa nimetoka Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu pale Tengeru, kichwa kimejaa nadharia, nikitegemea kukuta watoto wachache wamekaa mviringo wananisubiri. Nikakuta chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, watoto kumi na wanne, mdogo ana miaka sita na mkubwa ameshaota ndevu. Wenye usonji walichanganywa na wenye ulemavu wa akili, na mmoja, kama tulivyokuja kugundua, shida yake ilikuwa masikio tu. Hapo ni Moshi mjini, wala sizungumzii shule ya porini.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Nitakuambia niliyoyapata kwa kukosea, na mengi nimeyakosea mwaka wa kwanza.

Kosa kubwa kuliko yote nililifanya wiki ya tatu. Nilikuwa na kijana wa miaka saba, hasemi. Kila siku saa nne asubuhi uji ukiletwa anapiga kelele, anajiuma mkono, kikombe kinaruka. Nikaandika kwenye jalada lake: "Mkaidi, anachagua chakula." Nikamwita mama yake, muuza ndizi wa soko la Mbuyuni, nikamwambia mbele ya walimu wenzangu, "Mama, huyu mtoto umemdekeza."

Hakunijibu. Aliangalia meza ya uji. Vikombe vyetu vilikuwa vya plastiki, vyekundu, vya msaada. Akafungua kikapu chake, akatoa kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu, rangi imebanduka karibu na mkono. Akachota uji, akampa mtoto. Mtoto akanywa mpaka chini, akanyoosha kikombe aongezwe. Mama akanigeukia, sauti ya chini kabisa: "Samahani mwalimu. Nilidhani mnajua."

Wiki tatu mtoto ameshinda na njaa, na jibu lilikuwa kwenye kikapu cha mama yake. Hakuna aliyemuuliza. Baadaye nilirudia noti zangu nikaona kwamba hata kosa langu halikuwa jipya. Leo Kanner, daktari aliyeandika habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, alitaja kwamba wazazi wao walionekana baridi, na kwa miaka mingi baada ya hapo wasomi wakubwa waliwabebesha mama lawama kwamba ukosefu wa upendo wao ndio unaoleta usonji. Nadharia hiyo ilishatupwa zamani. Usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua, na mchango wa kurithi ni mkubwa. Lakini nenda ukoo wowote hapa Kilimanjaro usikilize: mama mkwe atasema ugonjwa umetoka upande wa kina mama, baba atanyamaza, halafu ataanza kuchelewa kurudi nyumbani. Mama huyo akifika shuleni na wewe ukamwongezea neno, umemmaliza.

Kwa hiyo siku zako za kwanza usifundishe. Najua afisa elimu kata atataka kuona andalio la somo, mwonyeshe, lakini wiki mbili za mwanzo kaa na kila mzazi au mlezi nusu saa. Usimuulize "mtoto ana tatizo gani". Muulize analala na nani, anakula nini na kwenye chombo gani, anaogopa sauti ipi, akitaka maji anafanyaje, nini kinamtuliza. Na muulize yule anayeshinda naye kweli. Mara nyingi si mama wala baba, ni bibi au dada wa kazi wa miaka kumi na sita ambaye hakuna aliyewahi kumwita kwenye kikao chochote.

Baada ya hapo, daftari. Nunua daftari dogo la kila mtoto, likae kwenye begi, liende na kurudi kila siku. Usiandike "leo alikuwa mzuri", haimsaidii mtu. Andika amekula nini, amejisaidia au hajajisaidia, na kama alivurugika, andika kilichotokea kabla. Kabla ndiyo muhimu. Wa nyumbani waandike usiku amelala saa ngapi. Mtoto aliyepata usingizi wa masaa matatu tu usiku mzima hawezi kukaa kwenye kiti asubuhi, na hapo hakuna mbinu itakayokusaidia, mtandikie jamvi apumzike. Bibi mmoja wa Pasua hajui kuandika. Tulikubaliana kwamba mjukuu akikesha, afunge kitambaa chekundu kwenye mkono wa begi. Kile kitambaa kilinipa habari nyingi kuliko majalada yote ya ofisini.

Ni kwa kuandika hayo ya "kabla" ndipo tulipoijua kengele. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mgrevilea, inagongwa kwa chuma. Watoto wangu watatu walikuwa wanavurugika dakika chache kabla haijagongwa, nasi hatuelewi, maana bado pako kimya. Siku moja nikakaa dirishani nao. Wakamwona mwanafunzi wa zamu anatoka ofisini na chuma mkononi. Basi. Mikono masikioni, mmoja yuko chini. Kilichowatesa ni kuisubiri. Mwalimu mkuu aligoma kuhamisha rimu, akasema mti ule uko pale tangu enzi za mwalimu mkuu wa tatu kabla yake. Tuliandika tarehe na saa, siku ishirini mfululizo, tukampelekea. Rimu sasa iko nyuma ya jiko. Darasa la saba wanalalamika hawasikii kengele ya mapumziko. Watavumilia.

Ukitaka kubadilisha kitu, anza na chumba. Kona moja iwe tupu, ina jamvi tu, isitumike kwa adhabu hata siku moja. Kuta zisijae chati. Ninajua tunapenda chati, mkaguzi anazipenda zaidi, lakini mtoto anayeona kila kitu kwa wakati mmoja utamsomesha nini hapo? Funga kamba ukutani, ning'iniza picha za kazi za siku kwa vibanio vya nguo: kuimba, uji, kuchora, kunawa, kwenda nyumbani. Kazi ikiisha, mtoto mwenyewe anaondoa picha. Picha zangu nilizipiga kwa simu, nikazitoa steshenari, nikazibandika kwenye boksi na kuzizungushia selotepu pana. Wapo ambao picha haiwaambii kitu. Hao waanzie na kitu chenyewe, kikombe halisi maana yake uji, kiatu maana yake tunatoka.

Kadi za kuombea vitu ndizo zitakazokuchosha mwanzoni. Mtindo huu wa mtoto kutoa picha ili apewe kitu ulianzishwa na Wamarekani wawili, Andy Bondy na Lori Frost, mwaka 1985, na mwanzoni unahitaji watu wazima wawili. Mmoja anakaa mbele ameshika kitu mtoto anachokipenda, kwa mfano kipande cha ndizi mbivu. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, hasemi neno. Mtoto akinyoosha mkono kuichukua ndizi, wa nyuma anauongoza mkono uokote kadi na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Wa mbele anatoa ndizi papo hapo, anasema "Ndizi!" Ndiyo hivyo tu, mara thelathini kwa siku. Mimi nilifanya peke yangu, nikawa nauliza "Hii ni nini? Unataka nini?" huku nimeficha ndizi mgongoni. Muhula mzima ukapotea. Omba mama mpishi akusaidie dakika kumi. Wa kwetu sasa ni hodari kuliko walimu wawili ambao sitawataja.

Na kuhusu lugha. Nilikuwa na binti ambaye kila nikisema "maji" hageuki. Nikampeleka kwa bibi yake Kibosho. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwalimu, karibu." Tukakaa. Bibi akaita jikoni, "Mringa!" na mtoto akainuka akaenda kwenye mtungi. Nyumbani ni Kichagga. Usiwaambie wazazi waache Kichagga, Kimeru au Kipare chao ati kinamchanganya mtoto. Lugha mbili hazileti usonji wala hazizidishi. Wewe ndiye ujifunze maneno kumi ya nyumbani kwao, uyaandike nyuma ya kadi.

Hospitali sitaeleza sana, ila jua haya. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Wataalamu wanamwangalia mtoto anavyocheza na kuwasiliana, na wanamhoji mlezi. Kwa hiyo mzazi asiuze mbuzi kutafuta kipimo. Jambo la kwanza ni masikio yapimwe, usisahau yule wangu niliyemtaja. Hapa tuna bahati ya kuwa na KCMC, hospitali kubwa ya rufaa, na wale watoa tiba kwa vitendo wanasomea palepale, hivyo kuna mtu wa kukufundisha namna ya kumkalisha mtoto, kumlisha, kumzoesha kugusa unga au udongo. Nenda naye mzazi, usimpe barua tu. Mzazi akikuambia mtoto anakodoa macho, anaduwaa, anadondoka, harakisha, kifafa huambatana na usonji mara nyingi.

Hapo ndipo utakutana na maombi. Usigombane nayo. Mama wa watu anatoka Majengo alfajiri kwenda mkesha kwa sababu huko ndiko anakokumbatiwa. Mwambie aende, ila dawa ya kifafa isiachwe hata siku moja bila daktari. Nilimfuata mchungaji mmoja nikamwomba alitamke hilo mwenyewe madhabahuni, na alilitamka. Na watakuletea ile video ya simu inayosema chanjo ya surua ndiyo inayoleta usonji. Waambie utafiti ule wa mwaka 1998 uliwahusu watoto 12 tu, na jarida la Lancet lililouchapisha lilikuja kuufuta mwaka 2010. Surua inaua. Hilo halihitaji video.

Baba ni kazi nyingine. Ukiwaita kwenye kikao hawaji. Nimegundua wanakuja ukiwaitia kitu cha mikono. Waite kutengeneza bembea, kupiga misumari, kuzungushia uzio. Wakishashika nyundo wanaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe, "Wa kwako naye halali?" Kikao kimeshaanza hapo, na wewe pika chai.

Neno "zezeta" lisipite shuleni kwako, hata kwa utani, hata kwa mwalimu mwenzako. Mkumbushe kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na kwamba mtoto huyu ana haki ya kiti chake kama wa darasa la nne B. Akicheka, mpe zamu moja kitengoni. Siku ya Usonji Duniani, tarehe 2 Aprili, mtavaa fulana za bluu, mgeni rasmi atatoa hotuba, mtapigwa picha. Nzuri. Lakini mimi nina fulana saba sasa na bado naomba fedha za selotepu.

Usiwapime watoto kwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, peke yake. Kijana wa kikombe cha bati hajui kusoma mpaka leo. Anakwenda dukani na kadi mbili na noti, anarudi na chumvi na chenji, na mama yake anaweza kumwacha nusu saa akaenda kupanga ndizi zake. Kwenye ripoti niliandika hivyohivyo, nikaulizwa hiyo ni alama ngapi.

Utaripoti Januari, na Januari ndiyo mbaya. Desemba ukoo mzima umepanda mlimani kutoka Dar, nyumba imejaa wageni, mbege, spika, mbuzi anachinjwa, binamu wanambeba mtoto juujuu, ratiba imekufa. Watakurejea wakiwa kama hawajawahi kukanyaga shule. Usiandike "amerudi nyuma". Rudisha kamba na vibanio, rudisha kona, subiri wiki mbili au tatu. Desemba ijayo tuma nyumbani picha za wageni mapema na waombe wamtengee chumba kimoja kisicho na spika.

La mwisho ni maji. Watoto hawa wengine hutoroka kimyakimya, na wengi hupenda maji kupita kiasi, na Moshi yetu ina mifereji kila upande. Wetu unapita hatua arobaini nyuma ya jiko. Mwaka wangu wa pili nilimkuta mmoja amekaa ukingoni, miguu ndani, anacheka, na sikuwa nimegundua kwamba hayupo. Sasa namba ya simu ya mzazi imeshonwa ndani ya kola ya kila sweta, vijana wa bodaboda wa kijiwe cha getini wanawajua watoto wote kwa sura, na tunahesabu vichwa kila baada ya nusu saa. Siku yako ya kwanza, kabla hujasaini kitabu cha mahudhurio, uliza ufunguo wa geti la nyuma uko kwa nani. Kwetu anao mama mpishi, na haumtoki shingoni mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe.