Transista za Inveta na Mota: Anza na Volti, Ampea Baadaye

Kwa fundi wa Kigoma, mwisho wa reli, kipuri kisichofaa kina gharama mbili: bei yake, na siku za kusubiri kingine kutoka Kariakoo huku migebuka ya mteja ikiharibika ndani ya friza. Inveta nyingi, yaani vifaa vya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ninazofungua hapa Mwanga zina ugonjwa mmoja, nao ni mosfeti zilizopasuka, yaani zile transista zinazowasha na kuzima mkondo.

Wateja wengi, na hata mafundi, huuliza ampea kwanza. Mimi huanza na volti. Katika inveta ambayo waya chanya wa betri umeungwa katikati ya transfoma na makundi mawili ya mosfeti hupokezana kazi, kundi lililozimwa hubeba takribani mara mbili ya volti za betri. Mosfeti aina ya IRF3205 mwisho wake ni volti 55. Kwa betri ya volti 12, ambayo ikichajiwa hufika 14.4, inatosha, lakini ukiifunga kwenye mfumo wa volti 24, unaofika karibu 29, inakutana na volti 58, bado hujahesabu miruko inayoletwa na waya mrefu. Hapo nunua ya volti 100, kwa mfano IRFB4110, hata kama muuzaji anaapa kwamba ile ya kwanza inafanya kazi. Itafanya, kwa muda.

Draivu za mota, yaani vifaa vya kuendesha mota, huanza na volti vilevile. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu hufika kama 325, kwa hiyo IGBT (transista ya aina nyingine, ya volti kubwa) ya volti 600 inafaa. Ule wa fezi tatu wa volti 400 hufika 565, na huo unadai ya 1200.

Sasa ampea. Zile 110 za IRF3205 zimeandikwa kwa ganda la transista lenye nyuzijoto 25, hali ambayo hutaiona ndani ya boksi la inveta. Ganda likifika nyuzijoto 100 zinabaki 80, na miguu yenyewe haistahili kupitishwa zaidi ya 75. Binafsi sipangi zaidi ya 20 kwa kila moja, kwa sababu kompresa ya friza inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida.

Kabla ya kushika solda, pima kila moja, maana bandia ni nyingi. Lipe geti, mguu wa kuiwashia, volti 10, pitisha ampea 5 kutoka mguu wa dreni kwenda wa sosi, kisha weka mita kwenye mizizi ya miguu hiyo miwili. IRF3205 halisi ikiwa ya baridi haizidi milivolti 40. Ikisoma 100, ni nyingine iliyoandikwa upya, irudishe dukani.

Kuhusu kapasita sina mengi: chukua za nyuzijoto 105, si za 85, na uziweke mbali na hitisinki, lile bati la kupozea transista, kwa kuwa kila nyuzijoto 10 unazopunguza huongeza maisha yake karibu mara mbili.