Usifungue dirisha: nilivyojifunza kujaribu kihariri cha msimbo

Jaribio langu la kwanza la kihariri chetu, programu ya kuandikia msimbo, lilifungua dirisha, likasubiri nusu sekunde, likabonyeza herufi tatu, likasubiri tena, kisha likaangalia kama zimeonekana. Nilijiona fundi. Miezi michache baadaye tulikuwa na majaribio ya aina hiyo yapata 200. Yalichukua dakika 17 kumalizika, na kila siku mawili matatu yalifeli bila sababu. Ukiyarudia, yanapita. Tukazoea: likifeli, bonyeza tena. Jaribio la namna hiyo ni kama mbwa anayebweka usiku kucha. Siku mwizi akija kweli, hakuna anayeamka.

Tulilaumu seva inayoendesha majaribio, tukalaumu maktaba ya madirisha, kumbe tatizo tulilipika wenyewe. Msimbo uliopokea kitufe cha kufuta ndio huohuo uliokata maandishi, ukasogeza kishale na kuchora skrini upya. Huwezi kukijaribu kimoja bila kuwaburuta wenzake wote.

Kwa hiyo nikiruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ni huu: maandishi, kishale, uteuzi na historia ya kutendua (kurudisha nyuma ulichofanya) vitoke ndani ya dirisha, vikae kwenye klasi, yaani kipande cha msimbo kinachojitegemea, isiyojua kama duniani kuna skrini. Dirisha libaki na kupokea vitufe na kuchora, basi. Emacs, kihariri cha siku nyingi, iko hivyo tangu zamani: bafa, yaani sehemu inayoshika maandishi yanayohaririwa, inajitegemea, na unaweza kuiendesha Emacs kwa chaguo la --batch, ukahariri na kupima kila kitu bila dirisha kufunguka. Kazi hiyo ya kutenganisha ilitula wiki tatu, na meneja hakufurahi hata kidogo.

Ukishatenganisha, andika majaribio yanayosomeka. Mwanzoni niliandika hivi: weka kishale nafasi ya 7, futa neno, hakikisha kishale kipo nafasi ya 5. Baada ya mwezi nani anakumbuka 7 ni wapi? Sasa kishale tunakichora ndani ya maandishi yenyewe:

jaribu("moja mb|ili tatu", futaNenoKushoto, "moja |ili tatu")

Mstari mmoja, na hata aliyejiunga jana anaelewa kinachotarajiwa. Watengenezaji wa IntelliJ, kihariri kingine cha msimbo, hufanya vivyo hivyo, ila wao huandika <caret> mahali pa kishale. Sisi alama yetu fupi ilitutia aibu siku tulipojaribu msimbo wenye || ndani yake, kwa hiyo chagua alama ambayo haitakugeuka. Tangu tuanze mtindo huu, mtu akileta hitilafu, mara nyingi jaribio lake linaandikwa kabla hajamaliza kueleza.

Halafu emoji. Usijaribu kwa herufi za a hadi z peke yake. Emoji ya familia ya baba, mama na binti inaonekana kama alama moja, lakini ndani yake kuna alama 5 za Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta: watu watatu na viunganishi viwili visivyoonekana. Ukizihifadhi kwa mtindo wa UTF-16 zinachukua vizio 8, na kwa mtindo wa UTF-8 baiti 18. Kihariri chetu kilihesabu vizio. Ukibonyeza mshale wa kulia, kishale kinaingia katikati ya familia. Ukifuta hapo, familia inasambaratika na mabaki yake yanakaa kwenye faili. Tulicheka, kisha tukaandika majaribio.

Saa nayo ina ukorofi wake. Kihariri chetu huunganisha herufi zilizoandikwa kwa haraka ziwe tendo moja la kutendua. Ukitulia zaidi ya milisekunde 300, tendo jipya linaanza. Jaribio la awali liliandika "ab", likasubiri kidogo, likaandika "c". Kwenye kompyuta yangu lilipita kila siku. Kwenye seva yenye kazi nyingi, kati ya "a" na "b" ilishapita nusu sekunde. Dawa yake ni kuipa klasi saa kutoka nje: kwenye programu inapewa saa ya kweli, kwenye jaribio inapewa saa ya bandia ambayo wewe ndiye unayeisogeza. Sogeza milisekunde 301, andika "c", tendua, na lazima ibaki "ab". Hakuna kusubiri hata kidogo.

Jaribio lililotulipa kuliko yote, hata hivyo, sikuliandika kwa kufikiria mifano. Bafa yetu huhifadhi maandishi kwa vipande vinavyounganishwa, ili faili kubwa lisinakiliwe lote kila unapoandika herufi. Ni mpangilio mzuri, lakini ni mgumu. Basi nikaweka pembeni yake mfuatano wa kawaida wa herufi, mjinga kabisa, nikaviamuru vyote viwili matendo 1,000 ya kubahatisha: ingiza, futa, tendua. Kila baada ya tendo vinalinganishwa, maandishi na idadi ya mistari. Siku ya kwanza vilitofautiana. Maandishi yalikuwa sawa, mistari haikuwa sawa. Kipande kimoja kilikuwa kimeishia kwa \r na kinachofuata kilianza kwa \n. Hizo ni herufi zisizoonekana; pamoja ni mwisho wa mstari mmoja wa faili la Windows, lakini sisi tulihesabu miwili. Nisingeiwaza hali hiyo hata ningekaa mwaka mzima. Ukifanya hivi, chapisha mbegu, yaani namba inayoanzisha mfuatano wa kubahatisha, jaribio linapofeli, la sivyo utaiona hitilafu mara moja na usiipate tena.

Dirisha bado linahitaji majaribio, ila machache; sisi tuna 14. Yanahakikisha kitufe kinafika kwenye amri yake na kubofya kipanya kunaweka kishale panapostahili. Maktaba yetu ya madirisha ni Qt, na kwenye seva tunaweka mpangilio wake wa QT_QPA_PLATFORM kuwa offscreen ili isitafute skrini. Kwa maktaba nyingine za Linux, programu ya Xvfb hutoa skrini ya kufikirika. Badala ya kusubiri muda maalumu tunatumia QTRY_COMPARE, amri ya Qt inayorudia kuangalia hadi sekunde 5 na kuendelea mara tu jibu linapokuwa sahihi. Kulinganisha picha za skrini tulikuacha. Fonti ikibadilika kidogo tu, kila kitu kinafeli.

Ubao wa kunakili, mahali ulichonakili kinaposubiri kubandikwa, nao uwe wa bandia. Wakati mmoja majaribio yalikuwa yakiendelea nyuma huku mimi nikibandika ripoti kwenye ujumbe wa kwenda kwa mteja. Kilichomfikia ni "moja mbili tatu".

Leo majaribio yasiyo na dirisha yamezidi 1,900 na yanamalizika ndani ya sekunde 6, kwa hiyo nayaendesha kila ninapohifadhi faili. Ambacho bado kinanishinda ni uandishi wa Kichina na Kijapani, ambapo mtu anabonyeza vitufe kadhaa na maandishi ya muda yanaelea juu ya mstari kabla hajachagua neno. Mfumo wa uendeshaji unaingilia katikati, na kila mfumo una tabia yake. Hilo nalipima kwa mkono kabla ya kila toleo, nikiwa na karatasi ya hatua 11 pembeni ya kibodi.