Kamera iliyotumika inakataa simu yangu

SWALI: Nimenunua kamera ya ulinzi iliyokwisha kutumika, hapa Chake Chake, lakini inakataa kuunganishwa na simu yangu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, iache kamera ikiwa imewashwa, kisha utafute kitundu kilichoandikwa RESET, ambacho aghalabu huwa chini yake au karibu na mahali pa kadi, ukibonyeze kwa ncha ya pini kwa takriban sekunde 10 hadi taa ianze kumetameta. Mipangilio ya Wi-Fi itafutika. Picha za kwenye kadi kwa kawaida husalia.

Lililo kubwa zaidi ni kumtaka aliyekuuzia aiondoe kamera katika akaunti yake, kwani nyingi hubaki zimefungamana na akaunti ya mwanzo hata zikirejeshwa zilivyotoka kiwandani. Usilipuuze hili, maana ni stara ya nyumba yako.