Maswali ya Wasomaji: Draiva za grafiki kwenye Linux

Ndugu mhariri, nimenunua Dell OptiPlex ya mtumba yenye kadi ya Radeon HD 8570, nikaweka Debian 13. Programu zinazotaka Vulkan (mfumo wa kuagiza kadi ichore picha) zinagoma au zinajikokota. Fundi kaniambia nishushe draiva kwenye tovuti ya AMD. Nishushe? – Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

Usishushe, utachoma bando bure. Draiva unayoihitaji ni ya chanzo huria na iko ndani ya Debian. Ina sehemu tatu: moja imo kwenye kerneli (kiini cha mfumo), ya pili ni Mesa, maktaba zinazotafsiri maagizo ya kuchora ya programu, ya tatu ni faili za fametia zinazopakiwa kwenye kadi yenyewe. Kadi yako, ambayo chipu yake huitwa Oland, ina draiva mbili za kerneli zinazoiweza, na kerneli 6.12 ya Debian 13 huichagulia ile ya zamani, `radeon`. RADV, draiva ya Vulkan ya Mesa, hufanya kazi na ile mpya, `amdgpu`, tu. Ikiikosa, mzigo wote unaangukia prosesa, ndiyo maana ya kujikokota huko.

Fungua terminal, andika `lspci -nnk`, kisha tazama chini ya VGA. Ukiona `Kernel driver in use: radeon`, tatizo ni hilo.

Anza na fametia. Hakikisha vyanzo vyako vya apt (programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi) vina `non-free-firmware`, halafu:

`sudo apt update`
`sudo apt install firmware-amd-graphics mesa-vulkan-drivers vulkan-tools`

Sasa fungua kwa sudo `/etc/default/grub`, faili ya mipangilio ya GRUB, programu inayowasha mfumo. Kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, ndani ya alama za kunukuu, ongeza:

`radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1`

Maliza kwa `sudo update-grub`, kisha `sudo update-initramfs -u`, uwashe upya. `vulkaninfo --summary` ikitaja RADV, umemaliza. Ikitaja llvmpipe peke yake, bado ni prosesa inayochora.

Wanaoruka hatua ya fametia ndio wanaopata kioo cheusi. Likikukuta, usifute mfumo: kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, futa maneno yale mawili kwenye mstari unaoanza na `linux`, bonyeza Ctrl+X. Mashine itawaka na `radeon` kama zamani, nawe utasoma kosa kwa `sudo journalctl -k -b -1`.

Na Mesa mpya zaidi? Kwa kadi hii iache. Ya Debian 13, toleo la 25.0, inatosha, na kuchanganya vifurushi vya matoleo tofauti ya Debian ndiko kunakovunja mashine nyingi.

Kilaptopu chango cha Atom N2600 kinakwama kwenye video. Nisasishe draiva gani? – Msomaji, Mafinga, Iringa

Hakuna. Grafiki yake, GMA 3600, imetokana na PowerVR, na Mesa haina draiva yake. `gma500_gfx` ya kerneli huleta picha kwenye kioo tu, bila kuharakisha 3D. Tumia Xfce, mazingira mepesi ya desktop, zima compositing (vivuli na uwazi wa madirisha) kwenye Window Manager Tweaks, na video zitazame kwa 360p.