Mwacheni aende, lakini pangeni na kurudi kwake

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, ungemruhusu mwanao wa miaka 16 akaishi mwaka mzima nje ya nchi na familia asiyoijua?" Limenigusa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtoto huyo. Nilitoka Mwanza nikiwa kidato cha tatu nikaenda Marekani kwa mpango wa YES, ule ulioanzishwa mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana wa nchi zenye Waislamu wengi wakaishi na kusoma huko. Jibu langu ni ndiyo, ningemruhusu. Ila naona wazazi tunahangaikia sana kuondoka kwa mtoto, na kurudi kwake hatukuulizii kabisa.

Hofu za mwanzo zina majibu. Gharama kubwa, nauli ikiwemo, hubebwa na serikali ya Marekani. Familia inayompokea mtoto hailipwi. Inajitolea, na huchunguzwa kwanza. Wanaosema "akienda ndiyo basi, harudi" wajue kwamba visa ya mpango huu ina sharti lake: kijana hawezi kupata ukaazi wa kudumu Marekani, wala visa kadhaa za kazi, mpaka kwanza akae nchini kwake miaka miwili.

Mimi nilipangiwa Michigan. Washiriki hutakiwa kueleza habari za kwao, na darasa langu lilikuwa linasubiri simba. Nikawaeleza dagaa. Nikawaambia jinsi wavuvi wetu wanavyoingia ziwani usiku wa giza, mwezi haupo, wakawasha karabai ili dagaa waufuate mwanga; na kunapokucha kina mama wanawaanika juani, jicho moja likiwa kwenye mawingu, maana mvua ikiwakuta dagaa chini, hasara ni yao. Kijana mmoja aliyekuwa akivua na babu yake Ziwa Michigan hakuniacha: matundu ya nyavu yana ukubwa gani, mtumbwi unabeba watu wangapi, mvuvi analipwaje asipopata kitu? Jumapili nikampigia baba, ambaye kazi yake ilikuwa kununua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, nikamuuliza yote. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile aliongea mpaka salio likaisha. Darasa zima lilishangaa kusikia kwamba Ziwa Victoria, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, linalizidi ziwa lao, ambalo ni kama 58,000.

Jambo lililonibadilisha zaidi lilikuwa chakula cha jioni. Televisheni inazimwa, kila mtu anaulizwa siku yake ilikwendaje, na hata mtoto anaulizwa anaonaje kuhusu mambo ya nyumba. Wakimaliza, baba wa nyumba anaosha vyombo. Sisemi malezi yao ni bora kuliko yetu. Nasema nilizoea kuulizwa, nikazoea kujibu.

Niliporudi, shangazi alikuja kunipokea nikampigia magoti kama kawaida. Baadaye wazee wakaanza kuzungumzia kumwachisha shule binamu yangu, kwa kuwa ada ilitosha mtoto mmoja tu na kaka yake ndiye aliyechaguliwa. Nikasema, "Shangazi, naomba kuuliza: matokeo yao yapoje?" Kukawa kimya. Shangazi akanitazama, kisha akasema waletwe wote wawili na ripoti zao. Binamu aliendelea na shule. Msichana niliyekuwa kabla ya safari asingefungua mdomo.

Shuleni hali ilikuwa nyingine. Mwaka wetu wa masomo huanza Januari, wao huanza Agosti au Septemba na kumaliza Mei au Juni. Nilirudi Juni nikawakuta wenzangu kidato cha nne, mtihani wa taifa Novemba, na alama zangu za Michigan hazihamishiki NECTA. Shule ikanirudisha kidato cha tatu. Uamuzi wenyewe naukubali, kwa sababu nilikuwa nimekosa masomo ya karibu mwaka mzima. Kilichoniuma ni kwamba wazazi wangu walitia sahihi karatasi zote bila mtu yeyote kuwatajia jambo hilo, nami nikaingia darasani nikiwa mkubwa kuliko wote huku nikiambiwa "Mmarekani amerudi." Miezi ya mwanzo nililia sana.

Mzazi ambaye moyo bado unasita anaweza kuanza kwa kumpokea mgeni. Mwanza ina udugu na Würzburg ya Ujerumani tangu 1966 na Tampere ya Finland tangu 1988, na wageni wa miji hiyo si wapya kwetu. Mkaribishe kijana mmoja nyumbani, ale ugali na sato, umpeleke Bujora akaone makumbusho ya Wasukuma, na mwanao ndiye awe mwenyeji wake. Utaona mwenyewe kama yuko tayari.

Akishachaguliwa, kabla ya kutia sahihi nendeni naye kwa mkuu wa shule. Ulizeni ataingia kidato gani akirudi, ada ya mwaka utakaoongezeka ni kiasi gani, na nafasi yake itatunzwa au la. Majibu yaandikwe, yagongwe muhuri, nakala moja ibaki nyumbani. Na mtoto mwenyewe awepo ayasikie.

Msomaji, Nyakato, Mwanza