Kabla hujakimbilia dukani kununua dawa, ng'oa mmea mmoja uangalie mizizi

Mimi nakaa Tanga mjini, huku Sahare, nina kauwanja kadogo nyuma ya nyumba, nalima nyanya, bamia, mchicha, nyanya chungu, pilipili mbuzi na mipapai pale ukutani. Majirani wananiita sana niende kuangalia bustani zao, na karibu kila nyumba nakuta chupa ya dawa ya wadudu ishanunuliwa ipo dirishani. Na mimi nilianza hivohivo, jani likijikunja tu nachukua bomba napuliza. Ila jamani huku kwetu pwani shida nyingi za bustani ya nyumbani hazitoki kwa wadudu, zinatoka kwenye maji na udongo, na unapuliza sumu kwenye mboga ambayo jioni watoto wako wataila.

Nianze na nyanya maana ndo inaliza watu wengi. Nyanya imebeba vizuri, inakaribia kuiva, unaigeuza chini unakuta kitako cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi ya kiatu. Mwaka ule yalinikuta haya duka moja waliniuzia dawa ya ukungu, nikapuliza mara tatu, hela ikaenda na nyanya zikaendelea kuoza vilevile. Kumbe ule sio ugonjwa wa kuambukiza kabisa, ni tunda limekosa kalsiamu, na kalsiamu inasafiri na maji, kwaiyo ukimwaga ndoo nzima leo afu siku tatu hujagusa, hata kama udongo unayo haifiki kwenye tunda. Nikakumbuka nilikuwa msibani Korogwe siku nne, jua la Februari linawaka, niliporudi nikamwagilia mpaka maji yakatuama, na vitako vyeusi vikaanza wiki hiyohiyo iliyofuata. Toka hapo namwagilia kila asubuhi kwa kipimo kilekile na shina nimelizungushia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, unyevu unakaa mpaka jioni. Makumbi yaloweke kwanza siku mbili tatu umwage yale maji ya kahawia, yanakuwa na chumvi. Nyanya iliyooza kitako usiitupe yote, kata utupe ule upande uliooza, uliobaki kula tu, hauna sumu.

Chumvi hiyohiyo ipo kwenye visima vyetu vya karibu na bahari. Ukiona kingo za majani zinaungua zinakuwa kahawia, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, onja maji yako. Maharage ndo yanakufa mwanzo. Mimi maji ya kisima nimeacha kabisa kwenye mboga, natumia ya bomba na ya mvua, na masika ikinyesha naacha mvua isafishe udongo.

Halafu majivu. Wazee wetu wametufundisha kuweka majivu, na kuna sehemu yanafaa sana, ila udongo wa huku kwetu juu ya mawe ya matumbawe una chokaa ya kutosha tayari. Ukiona majani machanga yamekuwa njano lakini mishipa yake imebaki kijani, hapo mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma kwa sababu ya chokaa, na majivu yanazidisha. Weka mboji au samadi iliyooza vizuri, na uweke mara kwa mara.

Sasa mmea ukinyauka ghafla wakati udongo una unyevu, usikisie. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, tulia dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka toka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria na hakuna dawa ya kupuliza itakayoponya, ng'oa choma, na hapo usirudishe nyanya, bilinganya wala pilipili kwa miaka kadhaa. Kama hakuna uzi, angalia mizizi. Mizizi ya bamia yangu niliikuta imevimba mafundofundo kama karanga, ile ni minyoo ya udongoni, inapenda sana mchanga wetu huu. (Vinundu vya kunde ni vingine, vile unavibandua kwa kucha na ndani ni vya pinki, ni vizuri, viache.) Nilichofanya nililowesha lile tuta, nikalifunika nailoni angavu, nikabana kingo kwa udongo, likakaa wiki 6 za Januari na Februari, jua likapika udongo. Minyoo haikuisha yote lakini bamia nilichuma.

Vidukari wakija, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, puliza jioni chini ya majani, wanakokaa ndo huko.

Mipapai nayo watu wanaifyeka bure. Panda miche mitatu kwenye shimo moja usubiri maua. Dume anatoa vimaua vingi kwenye kikonyo kirefu kinaning'inia, jike ua lake nene limekaa karibu na shina. Bakiza jike, na dume mmoja kwenye bustani nzima kwa ajili ya uchavushaji. Na hilo shimo lisiwe bondeni, mizizi ya mpapai ikikaa kwenye maji siku mbili tu inaoza, kwaiyo nyanyua tuta mapema kabla mvua za masika za Machi hazijafika.