Jibu: Lipu ya saruji kubanduka kwenye nyumba ya mawe, Bagamoyo

Mkuu, umeuliza kwa nini lipu ya saruji kwenye nyumba ya zamani hapo Mji Mkongwe inavimba na kubanduka sehemu ya chini, wakati juu iko salama. Tatizo ni saruji yenyewe. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu hupanda kutoka ardhini na chumvi yake, na zamani ulipumulia kwenye chokaa. Saruji imeufungia ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Geuza kipande kilichodondoka, utaona unga mweupe mgongoni.

Bandueni kwa patasi nyembamba, taratibu sana, maana tumbawe ni laini na hung'oka na lipu. Chumvi ipigwe brashi kavu. Maji yataizamisha tena ukutani. Ukuta uachwe ukauke miezi kadhaa, hapa ndipo wengi wanakosa subira. Kisha pigeni lipu mpya ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa, ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga wa mtoni. Wa baharini, hapana kabisa! Tabaka moja isizidi milimita 10, ukuta uloweshwe kwanza, na magunia mabichi yafunike wiki nzima, la sivyo jua litaipasua. Rangi nayo iwe ya chokaa.

Na tafadhali, boriti za mikoko zinazobeba dari msizing'oe kwa sababu tu bati lilishawekwa juu. Urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vile. Kabla ya patasi ya kwanza, onaneni na watu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayosimamia majengo ya kihistoria.